Ubao Hauoshwi Kabla ya Kuhifadhi

Mwulize fundi yeyote wa fanicha pale Gikomba kuhusu kupaka mbao rangi ya maji, na kwanza atakunja uso. Rangi ya maji ni ya ukuta, atakwambia. Mbao inataka rangi ya mafuta, ama vanishi. Na sababu anayo. Mbao ni kama mirija myembamba iliyofungwa pamoja, na ikipata maji nyuzi zake huvimba na kusimama. Uso uliokuwa laini unaota ndevu. Ukitaka rangi ya maji ikae vizuri, lazima uilowanishe mbao kwanza, uiache ikauke, upige msasa mwembamba, upake tabaka jepesi, usubiri, upige msasa tena, ndipo upake la pili. Ni kazi ya subira, na mteja anataka meza yake Ijumaa.

Lakini kuna pembe ya Kenya ambako watu wamepaka mbao rangi ya maji kwa vizazi vingi, bila msasa wa dukani. Pembe hiyo ni Wajir, na majirani zake Mandera na Garissa. Wapakaji ni watoto, na brashi yao ni kijiti kilichochongwa ncha. Tofauti kubwa kati yao na fundi wa Gikomba ni kwamba wao hawataki rangi idumu.

Kitu chenyewe kinaitwa loox kwa Kisomali, ile x ikitamkwa kama h nzito ya kooni. Ni ubao mrefu, mwembamba, wenye kishikio upande mmoja, ambao mtoto wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, huuandikia aya zake. Neno limetoka Kiarabu, lawh, na Mswahili yeyote aliyesoma madrasa ameshalisikia katika Lauhul Mahfudh, ule Ubao Uliohifadhiwa. Mwalimu ni macallin, ambalo ni neno letu lile lile la mwalimu likiwa limepitia njia nyingine. Na kijiti ni qalin, yaani kalamu. Kwa hiyo mtoto wa Lamu na mtoto wa Wajir, ambao lugha zao za nyumbani hazisikilizani hata kidogo, walianza kusoma kwa maneno ya ukoo mmoja.

Wino nao una mapishi yake. Unachukua mkaa, unausaga hadi uwe unga laini kabisa. Unaongeza maji. Unaongeza xabag, gundi inayotoka kwenye mti wa mgunga. Wengine hutia maziwa. Unakoroga hadi upate uji mweusi unaoteleza. Basi.

Hebu tuuangalie wino huo kwa macho ya fundi. Rangi yoyote duniani ina vitu vitatu: unga unaoleta rangi, gundi inayoushika unga, na kimiminika kinachobeba vyote viwili hadi kwenye uso halafu kikaenda zake. Unga wa mkaa hauyeyuki. Ungeutia kwenye maji peke yake ungezama chini baada ya muda, na hata ukiweza kuandikia, maandishi yangepukutika ukipitisha mkono. Gundi ndiyo inayouzuia unga usizame, na maji yakishakauka ndiyo inayoubandika kwenye mbao. Ikizidi, wino unang'aa na kupasukapasuka. Ikipungua, aya inahamia kwenye mkono wa kanzu. Anayejua kipimo amejifunza kwa jicho na kidole, hakuna kikombe cha kupimia.

Maziwa hayakuwekwa kwa bahati pia. Protini ya maziwa nayo ni gundi, na mafundi wa sehemu nyingi za dunia walipaka milango na makabati kwa rangi ya maziwa karne nyingi kabla ya mikebe tunayoijua.

Tofauti kati ya wino wa loox na rangi ya maji ya dukani iko mwishoni, wakati wa kukauka. Rangi za kisasa za maji, zilizoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, zina chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakikauka chembe hizo hukaribiana, hushikana, zikawa ngozi moja. Ngozi hiyo hairudi tena kuwa maji, hata mvua ikinyesha mwaka mzima. Gundi ya mgunga haijui mchezo huo. Ikipata maji leo inayeyuka, ikipata maji baada ya miaka kumi inayeyuka vilevile. Ndiyo maana inafaa kwa kazi ya dugsi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Macallin anasoma, mtoto anaandika ubaoni. Akishaandika anakaa chini na kuimba aya zile kwa sauti, yeye na wenzake kila mmoja na sehemu yake, kelele ambayo mgeni haelewi mtu anawezaje kufikiri ndani yake. Kisha anakwenda mbele ya mwalimu na kusoma bila kuangalia. Akikwama, anarudi kukaa na ubao wake. Akipita, anauosha, anauacha ukauke, na anaandika sehemu inayofuata. Mkataba ni kwamba ubao hauoshwi kabla ya kuhifadhi.

Tazama Kiswahili kilivyo na neno moja hapo. Kuhifadhi ni kukariri, na kuhifadhi ni kutunza kitu kisipotee. Kwa fundi wa fanicha, unahifadhi mbao kwa kuifunika. Kwa macallin, unahifadhi maneno kwa kuyahamisha kutoka kwenye mbao kwenda kwa mtu, halafu mbao inaachiliwa.

Utaratibu huu haukuanzia Wajir, wala haukuishia hapo. Misri ya kale wanafunzi wa ukarani walifanyia mazoezi kwenye mbao zilizopakwa weupe, kwa wino wa masizi na gundi, na mbao hizo zilifutwa na kuandikwa upya. Morocco watoto husugua udongo mweupe kwenye ubao kabla ya kuandika, ambayo ni kazi ya tabaka la kwanza kabisa: kujaza vinyweleo vya mbao ili wino usizame. Wahausa wana ubao wao, wanauita allo. Pwani yetu ya Afrika Mashariki pia watoto wa chuoni waliandika kwenye mbao. Tena pwani walikwenda hatua zaidi, kwa kile tunachokiita kombe: aya inaandikwa kwenye sahani kwa zafarani na maji ya waridi, inaoshwa, na mgonjwa anakunywa. Wasomali wana tahliil, maji yaliyosomewa au kuoshewa maandishi. Unaweza kuamini dawa hiyo au usiamini. Lakini ona kwamba kote, wino lazima uwe wa maji. Kombe la rangi ya mafuta halinyweki.

Kwa watu wa Wajir wino huu ulikuwa na sifa nyingine: vifaa vyake havikuhitaji duka. Mkaa uko jikoni. Maziwa yako kwenye ngamia. Gundi iko porini, kwani migunga inayoitoa huota yenyewe katika nyika za kaskazini, kuanzia Turkana hadi Mandera, na ukame ukibana ndipo mti unapotoa machozi mengi. Karatasi, kwa upande mwingine, ililazimika kusafiri mbali, na katika maisha ya kuhamahama ingeloa, ingeliwa na mchwa au ingeraruka. Ubao mmoja ulibeba Kurani yote, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na ukaning'inizwa kwenye mzigo wa ngamia siku ya kuhama.

Gundi hiyo hiyo ina maisha mengine ya siri, na pengine umeinywa leo. Viwanda vya soda huitumia kuzuia mafuta ya ladha yasijitenge na maji, kazi ile ile inayofanya kwenye wino kwa unga wa mkaa. Rangi za maji za wachoraji hushikwa nayo. Muuzaji mkubwa duniani ni Sudan, na Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi hii iliachwa nje ya vikwazo. Siasa zilisimama kwenye mlango wa kiwanda cha soda. Mchungaji wa Wajir anayebandua tonge la gundi kutoka kwenye gome yuko mwanzo wa mnyororo huo mrefu, na kama kawaida ya minyororo hiyo, aliye mwanzo ndiye anayebaki na kidogo.

Pwani kulikuwa na utomvu mwingine uliokwenda ng'ambo kwa kazi ya kinyume kabisa. Ni sandarusi. Bora zaidi haikukwangwa mtini, ilichimbwa ardhini katika mrima unaotazamana na Zanzibar, vipande vilivyozikwa muda mrefu baada ya miti yake kutoweka, vyenye ngozi yenye vipele kama bata aliyenyonyolewa. Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilijaza sandarusi Zanzibar pamoja na pembe za ndovu. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba haikuyeyuka hadi ipikwe kwa joto kali na kuchanganywa na mafuta ya kitani. Ikishapakwa na kukauka, maji hayakuipenya. Magari ya farasi ya matajiri wa Ulaya na Marekani yaling'aa kwa vanishi iliyopikwa kutokana nayo.

Kwa hiyo Afrika Mashariki moja ilitoa utomvu wa aina mbili. Mmoja hufunga mbao kabisa na kusema: hapa hapaingii kitu tena. Mwingine hushika kwa muda, kisha huachia. Vanishi hufaa kiti. Ila mtu akikupa ubao uliopigwa vanishi na kukuambia uandike kwa khad, wino utajikunja kuwa matone na kuteleza, kama maji kwenye jani la mgomba.

Sasa, dugsi haikuwa mahali pa kukariri tu. Mtoto alifundishwa herufi za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali: alif la kordhabey, alif la hoosdabey, alif la godey, majina ya kienyeji ya zile alama tatu za irabu. Mapokeo ya Wasomali yanasema mbinu hiyo ilibuniwa na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, anayejulikana kama Aw Barkhadle, ambaye kaburi lake liko si mbali na Hargeisa. Kisomali chenyewe kilikuja kupata mwandiko rasmi wa herufi za Kilatini mwaka 1972, huko Somalia. Kabla ya hapo, na kwa watoto wengi wa kaskazini mwa Kenya hata baada ya hapo, ubao ndio uliokuwa darasa la kwanza la kusoma na kuandika.

Serikali ilipofika ilikuja na namna nyingine ya kuandika. Waingereza waliweka kituo Wajir mwaka 1912, mahali penye visima vingi vya maji ya karibu. Walileta daftari, stakabadhi na mhuri. Kufikia 1934 sheria ya wilaya maalumu ilikuwa imempa afisa uwezo wa kuamua nani aingie kaskazini, nani atoke, nani alishe mifugo wapi. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta. Hali hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kujitokeza kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi maalumu. Kiswahili cha magazeti yetu kina neno kwa zoezi kama hilo: kupigwa msasa.

Na katikati ya miaka hiyo kuna Wagalla.

Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia mjini Wajir na vijijini, na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi walipigwa risasi. Takwimu ya serikali ilikuwa watu 57. Walionusurika na familia zao wanahesabu kwa maelfu. Annalena Tonelli, mwanamke Mtaliano aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia kuokota majeruhi na maiti, na habari alizozitoa zilichangia dunia kujua. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya.

Kwa lugha ya dugsi, kilichofuata ni ubao kuoshwa kabla ya kusomwa. Hakukuwa na orodha rasmi ya majina. Hakukuwa na ukurasa kwenye kitabu cha historia cha darasa la sita. Mtoto wa Nakuru au Kisumu aliyezaliwa miaka ya tisini angeweza kumaliza shule nzima, chuo kikuu kikiwemo, bila kulisikia jina Wagalla.

Lakini majina yalikuwepo. Yalikuwa kwa watu. Wajane walijua nani alichukuliwa, kutoka nyumba gani, amevaa nini. Walionusurika walijua nani alikuwa amelala kushoto kwao na nani kulia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofika Wajir mwaka 2011 kusikiliza, watu walikuja na ushahidi walioubeba kichwani miaka 27, katika nchi ambayo kwa sehemu kubwa ya muda huo kulitaja jambo hilo hadharani kulikuwa hatari. Kabla ya hapo, mwaka 2007, S. Abdi Sheikh alikuwa ametoa kitabu chake Blood on the Runway. Ripoti ya Tume ilikabidhiwa mwaka 2013. Mwaka 2015 Judy Kibinge alitoa filamu yake Scarred, kwa nyuso na sauti za walionusurika.

Sisemi kwamba watu wa Wajir walikumbuka kwa sababu walisoma dugsi. Mjane hahitaji mafunzo ili amkumbuke mumewe. Ninachosema ni kwamba walikuwa ndani ya utamaduni ambao haukuwahi kuamini kwamba kisichoandikwa kimepotea. Serikali iliyoishi kwa karatasi ilidhani ukikosa karatasi umekosa jambo. Watu waliokulia mbele ya ubao uliooshwa kila mara walijua kwamba weupe wa ubao unaweza kumaanisha kinyume: kwamba somo limeshaingia.

Tusijidanganye lakini. Njia hii ina masharti. Aya iliyooshwa ubaoni inabaki hai kwa sababu mtoto anaisoma tena mbele ya mwalimu, na mwalimu anaijua, na pembeni kuna wengine wanaoijua watakaomsahihisha. Mtu aliyenusurika Wagalla akiwa na miaka 30 mwaka 1984 sasa amepita 70. Kama hakuna anayekaa mbele yake kumsikiliza, anachokijua kitaondoka naye, na hakuna msahafu wa kukirudia. Vitabu, ripoti na filamu vina kazi hapo. Vina kazi ya vanishi, na wakati mwingine vanishi inahitajika.

Na loox yenyewe? Bado ipo, ingawa ina washindani. Siku hizi kuna madrasa zenye ubao mweupe wa plastiki na kalamu za wino wa dukani, kuna misahafu iliyochapishwa ya bei nafuu, kuna Kurani nzima ndani ya simu inayokusomea yenyewe. Ubao wa mbao nao umeingia soko lingine. Wauzaji wa vitu vya sanaa wanaziuza mbao hizi kwa watu wa kutundika ukutani, Nairobi na ng'ambo.

Ukiukuta mmoja, uinamie uutazame vizuri. Mbao zilizotumika sana haziwi safi tena. Gundi iliyeyuka, unga mwingi ulikwenda na maji, lakini chembe za mkaa zilizama kwenye nyuzi na kubaki. Baada ya miaka, ubao unakuwa wa kijivu, halafu kijivu iliyokolea, na ukiugeuza kwenye mwanga unaona alama za mistari juu ya mistari, za masomo yaliyokwisha kuhifadhiwa. Uso wake ni laini kuliko meza ya Gikomba. Nyuzi zilisimama, zikasuguliwa, zikasimama tena, zikasuguliwa, hadi zikachoka.

Mara nyingine mwenye ubao anataka aya ya mwisho isifutike, hivyo anaupiga vanishi. Inapendeza kweli. Mwandiko wa yule mtoto unabaki pale, mweusi na unang'aa, pamoja na mahali alipokosea akarekebisha. Ni aya ambayo huenda hakuwahi kuisoma mbele ya macallin, kwa sababu kama angeisoma na kupita, angeshaiosha.